Kabla Kamba Hazijanyooshwa: Ghorofa ya Chini ya Nyumba ya Yaya

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alinifungulia ramani mezani Jumapili mchana, sahani za bukari, ugali wetu, zikiwa bado hazijaondolewa. Karatasi ilikuwa kubwa, imekunjwa mara nne, na mistari ilikwisha kuanza kufutika kwenye mikunjo kwa jinsi ilivyofunguliwa na kufungwa. Yeye na shemeji wana kiwanja, lupango kama tunavyosema hapa Lubumbashi, upande wa Kasapa: mita 20 kwa 30, lango likiwa kusini, barabarani. Miaka sita wameweka akiba ili wajenge nyumba ya ghorofa, vyumba vitatu vya kulala juu na maisha mengine yote chini.

"Angalia, halafu useme ukweli," aliniambia. "Fundi anataka kuanza."

Huko juu sikuwa na neno. Nilikwama chini. Mchoro ulitolewa kwenye kitabu cha nyumba za Ulaya, mchoraji akaunakili na kubadilisha vipimo tu. Gereji ilikuwa ndani ya nyumba, imechukua kona nzuri ya mbele. Salo, yaani sebule, ilitazama barabara kwa madirisha mapana upande wa kusini. Jiko lilibanwa kwenye ukuta wa mashariki na kupewa dirisha moja dogo. Korido yenye upana wa mita 1.2 ilikatiza nyumba kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, mita 9 nzima. Ukipiga hesabu ni mita za mraba 10.8, karibu chumba kizima cha kulala kilichogeuzwa njia. Choo kilichomekwa chini ya ngazi, mlango wake ukitazamana na meza ya kulia. Na chumba cha kulala hakikuwepo hata kimoja.

"Yaya, mama atalala wapi?"

Alinyamaza. Shemeji akaweka glasi chini. Mama yetu huja kukaa nao miezi mizima, magoti yanamuuma, na ngazi kumi na nane asubuhi na kumi na nane usiku ni adhabu ambayo hakuna mtoto anayependa kumpa mzazi wake. Wajukuu humwita nkambo, na ukimtafuta nyumbani humkosi: yuko pale watu wanapopita. Ramani ile ingempeleka juu, peke yake, akisikia sauti za watu kupitia sakafu.

Nimekwisha kuona karatasi kama hiyo mara nyingi katika mitaa inayopanuka, Luwowoshi, Kilobelobe, Kalebuka, hata Golf kwa wenye uwezo. Nyumba zinapanda, ni nzuri kwa macho, na baada ya mwaka mmoja mwenye nyumba anaanza kubomoa ukuta hapa na kutoboa mlango pale. Kwa hiyo naomba tukae na ramani hii ya yaya mpaka tuimalize, chumba kwa chumba.

Nilianza na jua, kwa sababu ndilo lililokuwa limepinduliwa kabisa. Brussels iko karibu digrii 51 kaskazini mwa ikweta. Huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na msanifu wa huko anafanya vema kufungua sebule upande wa kusini ipate joto. Sisi tuko digrii 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Kwetu, kuanzia takriban tarehe 20 Februari hadi takriban tarehe 23 Oktoba, jua la saa sita mchana hupita upande wa kaskazini. Miezi minne inayobaki ndipo linahamia kusini, tena liko karibu na utosi, na ndiyo miezi ya mawingu na mvua.

Maana yake salo ya yaya, kama ilivyochorwa, ingekaa kivulini wakati wote wa baridi. Na baridi ya Lubumbashi wanaijua wanaoishi hapa. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya digrii 10, na nyumba zetu hazina vyombo vya kupasha moto. Ndiyo sababu kuna watu wanaoingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani, wanafunga mlango na dirisha, na wengine hawaamki tena. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Chumba kilichopata jua mchana kutwa hakimsukumi mtu kufanya hivyo.

Geuza salo itazame kaskazini, na juu ya madirisha yake utokeze ukingo wa mita 1, uwe wa paa au wa roshani ya ghorofa ya juu. Mwezi wa Juni jua la saa sita husimama kwenye digrii 55 tu juu ya upeo wa kaskazini. Linapita chini ya ukingo huo, linaingia dirishani na kulala sakafuni. Oktoba, joto linapopita digrii 30, jua limekwisha kupanda hadi utosini na ukingo ule ule unalifunika dirisha lote. Hesabu hiyo haihitaji mtambo wala umeme wa shirika la SNEL. Jambo moja tu la kuangalia: barza pana ya mita 3, ile ya kukaa watu jioni, isiwekwe mbele ya madirisha yote, maana itazuia hata jua la Julai. Tuliiweka mbele ya meza ya kulia, tukaacha madirisha ya salo yapate mwanga.

Upande wa kuogopa ni magharibi. Jua la alasiri liko chini, ukingo wa paa haulizuii, na ukuta wa tofali unanyonya joto lake na kulitoa usiku watu wanapotaka kulala. Basi magharibi tuliweka vitu visivyolala: ngazi, stoo na jiko. Gereji tuliitoa ndani ya nyumba kabisa, ikawa kivuli cha mabati juu ya nguzo pembeni mwa ukuta wa lupango, upande huohuo wa magharibi. Gari halihitaji dari. Hapo shemeji alisita kidogo, halafu akapima gereji ile ilikuwa imekula nafasi gani, akakubali mwenyewe.

Jiko nalo lina mwelekeo wake, na hili mji wenyewe unalifundisha. Wakati wa kiangazi upepo hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière, ambacho dohani lake refu bado limesimama karibu na mto Lubumbashi, kilitupa moshi wake kaskazini-magharibi kwa miongo mingi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechunguza jinsi udongo na mimea ilivyoharibika kufuata njia hiyo ya upepo. Moshi wa nyumbani unafuata njia ileile. Jiko likiwa kona ya kaskazini-magharibi, moshi na harufu ya samaki vinatoka uani badala ya kupita sebuleni na kupanda ngazi hadi kwenye vitanda.

Lakini ni jiko gani? Katika ramani ya kwanza lilikuwa la picha: kabati nyeupe, jiko la umeme, meza ya katikati. Yaya anapika bukari ya watu kumi Jumapili, na mwiko wake unataka mikono miwili na miguu iliyosimama imara. Sombe, majani ya muhogo, hutwangwa kwenye kinu. Umeme unakatika, wakati mwingine siku nzima, na hapo makaa hurudi kazini hata katika nyumba zenye vyombo vya kisasa. Ukimnyima mpishi mahali pa mbabula, ataiweka barza ya mbele au atapikia ndani ya gereji.

Tulichora majiko mawili yanayoshikana. La ndani lina sinki chini ya dirisha linalotazama ua, ili anayeosha vyombo awaone watoto wanapocheza. Nje ya mlango wake, wenye upana wa sentimita 90 ili sufuria kubwa ipite mikononi mwa watu wawili, kuna jiko la wazi la mita 2.5 kwa 3, lenye paa na kuta mbili tu, sakafu yake ya zege imara kwa ajili ya kinu, na bomba la maji. Stoo ya makaa inafunguliwa kutoka nje, gunia lisipite ndani. Kwa gharama ni sehemu ndogo sana ya nyumba. Kwa matumizi, naamini ndipo yaya atakapokuwa saa nyingi kuliko mahali pengine popote.

Nilimweleza shemeji kwamba jiko la kufichwa lina historia yake hapa. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, nyumba za Wazungu zilikuwa na barza mbele kwa mwenye nyumba na wageni wake, jiko nyuma, na mwisho wa lupango kijumba cha mtumishi, boyerie. Aliyepika na aliyekula walikuwa watu wawili waliotenganishwa kwa makusudi. Mwaka 1965 André Yav, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji huu, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, kwa niaba ya watumishi wenzake wa zamani. Ni historia iliyoandikwa na watu walioingia katika nyumba zile kwa mlango wa nyuma. Nyumba ya yaya haina mlango wa namna hiyo. Anayepika ndiye mwenye nyumba, au binti yake, au mama yake aliyekaa kwenye kiti akichambua mboga. Kwa nini tumfiche? Kati ya jiko na meza ya kulia tuliweka mlango mpana wa kukunja: hufungwa mgeni mkubwa akija, hufunguliwa siku nyingine zote.

Salo ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiyo chumba ambacho familia nzima, hata wasioishi humo, wana haki nacho. Katika ramani ya kwanza ilikuwa na milango minne: wa mbele, wa korido, wa meza ya kulia na wa gereji. Chumba chenye milango minne hakina pa kukaa, kina njia tu. Tuliipunguza hadi miwili, yote upande mmoja, ili kuta mbili zibaki nzima. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi kama Tshibumba Kanda Matulu walikuwa wakiuza picha zao kwa familia za kawaida, na mahali pa picha hizo palikuwa ukuta wa salo: nguva aitwaye mamba muntu, picha za enzi ya Wabelgiji, kumbukumbu za vita na mateso. Watu walikaa chini yake wakasimuliana. Leo pengine ni picha ya harusi au ya baba marehemu. Bado ukuta mzima unatakiwa.

Halafu kuna siku ambayo hakuna mchoraji anayeiandika kwenye ramani. Kilio kikitokea, viti vya salo hutolewa vyote, magodoro na mikeka hutandikwa chini, wanawake hukaa humo usiku na mchana, wanaume hukaa nje chini ya turubai, na jiko hulisha watu wengi kwa siku kadhaa. Mwili wa marehemu huletwa nyumbani mara ya mwisho. Nilipofika hapo yaya aliinamisha kichwa, maana tulimzika baba yetu tukitokea katika nyumba ambayo jeneza halikuweza kupinda kwenye korido; lilisimamishwa wima kidogo ili lipite, na mama aliona. Sitaki familia yoyote ione jambo lile. Mlango wa mbele wa nyumba ya yaya sasa una mabawa mawili, upana wa mita 1.4, na kutoka mlangoni hadi katikati ya salo ni mstari ulionyooka. Mlango huohuo utapitisha makochi na, tuombe Mungu, maharusi.

Choo cha wageni ni suala la heshima tupu. Mkwe anapokuja kukutembelea hawezi kuinuka mbele ya watu na kufungua mlango wa choo hatua mbili kutoka kwenye sahani za chakula. Atavumilia mpaka aondoke, na hutamwona tena kwa muda mrefu. Tulikitoa chini ya ngazi, tukakiweka kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, kikapewa na bafu, na mlango wa sentimita 90. Chumba cha mama kinafuatia mara moja, kusini-mashariki, mita 3.5 kwa 4, dirisha lake likipokea jua la asubuhi. Choo kimoja kinawahudumia mama na wageni. Bomba la maji machafu litakuwa refu kidogo kuliko kama vyoo na jiko vingekaa pamoja upande wa magharibi. Nilisema hivyo wazi, shemeji akapiga hesabu ya mabomba, akasema mama ni mama.

Ngazi zilikuwa kazi ya namba tu. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3. Ngazi 18 zenye kimo cha sentimita 16.7 na kina cha sentimita 28 hupandika bila kuhema, lakini zikinyooka zinakula karibu mita 4.8. Zikikunjwa katikati zinaingia katika nafasi ya mita 2.1 kwa 3.3. Chini yake tuliweka stoo.

Ukumbi wa kuingilia yaya aliuona kama anasa mwanzoni. Nilimkumbusha vumbi letu. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hainyeshi, ardhi nyekundu inapanda hewani na kuingia kila mahali. Katika mkoa wa migodi vumbi linabeba zaidi ya udongo: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven ulikuta kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wa wakazi wa Katanga, hasa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Watoto wanaotambaa sakafuni hulamba wanachokigusa. Ukumbi wa mita 2 kwa 2.5, wenye benchi, rafu ya viatu na beseni la kunawa mikono, ni kinga ya bei nafuu, nayo ndiyo iliyochukua nafasi ya korido ile ya mita 9.

Mvua inapoanza, Novemba, tatizo linageuka. Hunyesha kwa nguvu, maji hukimbia juu ya ardhi ngumu na kuingia kwa majirani. Sakafu ya chini tuliinua sentimita 45 juu ya ardhi. Kwa mama hiyo ni ngazi tatu, kwa hiyo pembeni ya barza kutakuwa na mteremko wa kupandia. Kipimo kinachokubalika ni kupanda sehemu moja kwa kila sehemu kumi na mbili za urefu, ndiyo kusema mita 5.4. Nafasi ipo, kwa sababu gereji imetoka.

Limebaki jambo la kichuguu. Kona ya nyuma ya lupango kuna kimoja, kikubwa kuliko gari, kama vile vinavyosimama kila mahali katika misitu ya miombo kuuzunguka mji, vingine vikifikia mita 5 kwa urefu. Udongo wake ni mzuri kwa matofali, na matofali mengi ya Lubumbashi yametokana na vichuguu na kuchomwa kwa kuni za miombo hiyohiyo. Ramani ya kwanza ilipitisha msingi wa jiko juu ya nusu ya kichuguu. Udongo ule wa mfinyanzi huvimba na kusinyaa tofauti na ardhi ya kando yake, na ukuta uliokalia pande mbili zisizofanana hupasuka. Tuliisogeza nyumba mita 2 mbele. Kwenye karatasi ilichukua dakika moja. Kwenye tofali ingekuwa msimu mzima na fedha ambazo yaya hana, bila kusahau miti iliyokatwa kuchoma tofali za ukuta wa kubomolewa.

Shemeji alikuwa na neno moja la mwisho, na nililiheshimu. Alitaka salo ionekane kutoka barabarani; mtu anayejenga baada ya miaka sita ya kujinyima ana haki ya kutaka kazi yake ionekane. Nilimuuliza ukuta wa lupango utakuwa na kimo gani. Mita 2.5, alijibu, na seng'enge juu. Tukatoka wote watatu hadi barabarani, tukazitazama nyumba za majirani. Tuliona mageti, kuta na mabati. Aliporudi ndani alichukua kifutio mwenyewe.

Wewe mwenye ramani mezani wakati huu, nakuomba: usimlipe mwashi kabla hujaenda kwenye lupango wako saa nne asubuhi na tena saa kumi jioni, ukasimama pale salo itakapokuwa, ukaona jua liko upande gani. Nenda na mama yako ikiwa bado unaye, umwonyeshe mlango wake. Kisha umpelekee msanifu majengo mabadiliko yako, maana ukuta unaobeba ghorofa ya juu hausogezwi kwa hiari ya mtu.

Ramani ya yaya inachorwa upya kwa wino wiki hii. Kamba zitanyooshwa mwezi wa Mei, mvua zikishakatika, na chumba cha mama kiko upande wa mashariki, hatua tatu kutoka chooni.